Mwaka huu sina kitu. Niende nyumbani Krismasi mikono mitupu, ama nibaki Nairobi?

Kinyozi_Donholm | 14 Desemba, saa 4:10 usiku

Wadau, habari za usiku. Nimefunga kazi sasa hivi, miguu inawaka moto lakini usingizi hauji, kwa hivyo wacha niulize.

Mimi ni wa Bungoma, upande wa Kimilili. Nina miaka 11 Nairobi na sijawahi kukosa Krismasi nyumbani, isipokuwa 2020 ile ya korona. Mwaka jana nilienda kama tajiri. Redio ya mzee, leso na sufuria za mama, viatu vya wapwa watano, mikate kumi, sukari kilo kumi, na jiko la gesi ambalo hadi leo mama amelifunika kitambaa cha maua na anapikia kuni. Vyote hivyo vilinunuliwa kwa mikopo ya simu, mitatu tofauti, mmoja ukilipa mwingine. Januari mwenye nyumba akanifungia mlango kwa kufuli yake. Deni la mwisho nimelimaliza mwezi wa nane.

Mwaka huu kati ya viti viwili kimoja ndicho kina mtu wa kukaa, kodi ya duka imepanda, na mtoto anaingia Gredi ya Saba mwezi ujao. Nikijikaza nitapata nauli ya kwenda, lakini ya kurudi sina.

Sasa leo kanisani (silitaji) tumegawiwa bahasha zimeandikwa SADAKA YA MAMAJUSI. Mhubiri akasema Mamajusi, wale wa mashariki waliomletea mtoto Yesu zawadi, hawakuja mikono mitupu, na wewe tarehe 25 usije mbele za Bwana mikono mitupu. Nikaigeuza ile bahasha nikaona nimebanwa huku na huku. Mungu anangoja bahasha, mama anangoja mkate. Na wahenga wako nyuma yangu wananiambia mkono mtupu haulambwi.

Naomba mnijibu bila mzaha. Hii habari ya zawadi iko kwenye Biblia ama ililetwa na wenye maduka? Na mtu asiye na kitu aende kwao, au akae hapa Donholm ale chapati za jirani?

Mama_Chapo_Umoja | 14 Desemba, saa 4:31 usiku

Chapati za jirani ni shilingi 20 moja na Krismasi hazishuki bei. Nenda kwenu.

Mhasibu_Tao | 14 Desemba, saa 4:50 usiku

Afadhali wewe unaulizwa mkate. Ofisini kwetu tumechora majina ya kupeana zawadi kwa siri, kila mtu shilingi 1,000. Mwaka wa tatu huu napata kikombe chenye maneno ya kunitia moyo. Mimi chai nanywea kwenye kifuniko cha themosi. Nami nikishapata jina la mtu nakimbia maduka ya Luthuli kumnunulia kitu asichokihitaji, anashangilia, tunapigwa picha, tunarudi kwenye meza zetu kuendelea kutosalimiana.

Mlinzi_wa_Neno | 15 Desemba, saa 12:20 asubuhi

Ndugu Kinyozi, nikujibu waziwazi: haiko. Hakuna mstari wowote unaosema sherehekeeni kuzaliwa kwa Yesu, na hakuna tarehe. Tarehe 25 Desemba ni ya Waroma na jua lao. Mti wa Krismasi soma Yeremia 10. Hata Waprotestanti wa kale waliijua siri hii: Bunge la Uingereza lilipiga Krismasi marufuku mwaka 1647, na kule Massachusetts tangu 1659 ukikamatwa unaisherehekea ulikuwa unalipa faini ya shilingi tano. Wale walikuwa watu wa Biblia, si watu wa disko. Kanisa letu halina siku hiyo na tunalala vizuri. Kwa hivyo tatizo lako limeisha: usiende, usinunue, usikope.

Mama_Chapo_Umoja | 15 Desemba, saa 12:45 asubuhi

Faini shilingi tano na mimi chapati nauza 20. Si ningelipa tu niendelee kupika.

Katekista_Kariobangi | 15 Desemba, saa 3:05 asubuhi

Kijana wangu Kinyozi, pole kwa Januari. Nimefundisha watoto dini huku Kariobangi miaka 26 na swali lako nimeulizwa kila Desemba, ila hakuna aliyeliuliza akiwa na bahasha mkononi.

Ndugu Mlinzi ana nusu ya ukweli. Tarehe haimo. Maandishi ya zamani kabisa yanayotaja 25 Desemba ni kalenda ya Roma ya mwaka 354, ambayo ndani yake kuna orodha ya mwaka 336. Kaisari Aureliano naye aliinua ibada ya Jua Lisiloshindwa mwaka 274, kwa hivyo wengi husema Kanisa liliichukua siku hiyo likaibatiza. Wengine husema ni hesabu tu: Wakristo wa kale waliweka kutungwa mimba kwa Bwana tarehe 25 Machi, na ukihesabu miezi tisa unaangukia 25 Desemba. Wasomi hawajamaliza kubishana, nami sitawaamulia nikiwa na chai mkononi. Waorthodoksi wa Ethiopia, na tunao hapa Nairobi, husherehekea tarehe 7 Januari na Bwana wao ni yuleyule.

Yeremia 10 usimsumbue bure. Pale fundi anakata mti, anauchonga sanamu, anaipamba kwa fedha na dhahabu, anaipigilia misumari isianguke, kisha anaiogopa. Tawi la saiprasi lililofungwa pamba kwenye duka la mhindi halijamwogopesha mtu.

Sasa Mamajusi, maana hao ndio wamekubana. Mathayo hasemi walikuwa watatu. Zawadi ndizo tatu: dhahabu, uvumba na manemane. Wala hawakufika usiku ule. Mathayo 2:11 inasema waliingia *nyumbani*, na Herode alipoona amechezewa aliua watoto wa kiume wa miaka miwili kushuka chini, kwa kadiri ya muda aliouliza kwa Mamajusi wenyewe. Muda ulikuwa umepita. Usiku wa Krismasi waliofika ni wachungaji, tena wametoka zamu ya usiku kondeni. Na Luka ni mtu wa kutaja vitu. Ametaja nguo za kitoto, ametaja hori. Hataji hata kondoo mmoja waliyemleta. Walikuja, wakaona, wakasimulia walichoambiwa, wakarudi kazini wakimsifu Mungu.

Ile bahasha ingeandikwa Sadaka ya Wachungaji ingerudi tupu, na malaika wangekuwa wameshaimba.

Mlinzi_wa_Neno | 15 Desemba, saa 3:40 asubuhi

Katekista, hapo kwa wachungaji umenishika. Yeremia nitarudi naye.

Mhasibu_Tao | 15 Desemba, saa 4:02 asubuhi

Na yule mzee wa ndevu na kofia nyekundu anayekaa kwenye maduka makubwa akitokwa jasho? Naye umwondoe ama abaki?

Katekista_Kariobangi | 15 Desemba, saa 6:15 mchana

Ndevu abaki nazo. Nyuma yake kuna askofu wa kweli, Nikolasi wa Mira, aliyeishi karne ya nne katika mji ulioko Uturuki ya leo. Simulizi linasema palikuwa na baba maskini mwenye binti watatu na hana mahari ya kuwaozesha (kule upande wa bibi ndio uliotoa), kwa hivyo wasichana walikuwa hatarini kuuzwa. Nikolasi akapita usiku akatupa kifuko cha dhahabu dirishani. Kikamwozesha wa kwanza. Akarudi kwa wa pili, na kwa wa tatu. Alipita usiku ili asionekane, kwa sababu Bwana alisema mkono wa kushoto usijue unalofanya wa kuume. Sikukuu yake ni 6 Desemba. Waholanzi wakamwita Sinterklaas, akavuka bahari hadi Marekani, akarudi amenenepa. Hispania hadi leo watoto hungoja zawadi 6 Januari, siku ya Mamajusi. Zawadi zimehamahama kwenye kalenda, bwana mhasibu, hazikuzaliwa tarehe 25.

Kilichonishangaza uzeeni ni hiki: Nikolasi hakumpa mtu zawadi ya kubadilishana. Alilipa kitu kilichokuwa kinamfunga mtu mlango. Vikombe vyenu vya ofisini mjipatanishe wenyewe.

Teolojia_Limuru | 15 Desemba, saa 2:30 usiku

Shikamoo Katekista. Niko mwaka wa tatu wa teolojia huku Limuru na mtihani nimemaliza Ijumaa, kwa hivyo wacha niweke kitu kabla hakijanitoka kichwani.

Luka 2:7: hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Sote tumecheza ile michezo ya kanisani, Yosefu anabisha hodi, mwenye hoteli mwenye kitambi anasema hakuna nafasi, mlango tii! Lakini neno la Kigiriki pale ni *kataluma*. Luka analitumia tena sura ya 22:11 akimaanisha chumba cha wageni katika nyumba ya mtu, kile Yesu alichokulia Pasaka. Akitaka kusema hoteli ya kulipia, ile Msamaria alikompeleka majeruhi katika sura ya 10, ana neno jingine, *pandokheion*. Ndiyo maana wafafanuzi wengi sasa wanaona Yosefu hakufukuzwa na hoteli yoyote. Bethlehemu ilikuwa kwao, mji wa Daudi, na sensa ya Kaisari Augusto iliwarudisha watu kila mmoja mjini kwake. Chumba cha wageni kilishajaa. Kwa wakulima wa nchi ile mifugo ililala ndani ya nyumba ileile, upande wa chini, na hori ikiwa hapohapo.

Kinyozi, ilete sasa Kimilili. Ni tarehe 24 usiku. Shangazi ametoka Kitale na watoto sita, vitanda vimejaa, wewe umechelewa na basi, unatandikiwa jikoni karibu na mbuzi. Krismasi ya kwanza ilikuwa safari ya kwenda ushago, kijijini. Serikali iliilazimisha, nyumba ikajaa, na aliyezaliwa akalazwa palipobaki.

Na kama unafikiri walibeba chochote, soma Luka 2:24. Mtoto alipopelekwa hekaluni, sheria ya Walawi 12 ilitaka mwana-kondoo mmoja na njiwa au hua mmoja. Asiyeweza kumpata kondoo anaruhusiwa ndege wawili tu. Luka anaandika ndege wawili. Ile ni risiti ya maskini, imebaki kwenye Injili hadi leo.

Nimalizie na Paulo, kisha nikalale. Anawachangisha Wakorintho kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, 2 Wakorintho 8. Hawatishi kwa kuwaambia wasije mikono mitupu. Anawaambia Yesu alikuwa tajiri akawa maskini kwa ajili yenu. Halafu mstari wa 12 anasema mtu akiwa na nia, kutoa kwake hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Paulo hakuijua mikopo ya simu, lakini aliijibu.

Kinyozi_Donholm | 15 Desemba, saa 3:55 usiku

Nimeusoma huo mstari mara nne, mteja akiwa kwenye kiti. Karibu nimkate sikio.

Yaya_Kilimani | 16 Desemba, saa 3:20 usiku

Mimi husoma tu, leo wacha niandike. Nafanya kazi ya nyumba Kilimani, nalala humohumo. Mwaka jana tarehe 23 nilipewa hampa: unga, mchele, mafuta lita mbili, majani chai na biskuti za boksi. Nikaambiwa nisimame karibu na mti nipigwe picha nayo. Nilitabasamu. Mshahara wa Desemba ulifika 14 Januari.

Nyumbani nilifika na biskuti, mtoto wangu akafurahi, lakini mama aliponiuliza pesa ya dawa ya presha nilikuwa sina. Nimesikiliza mnavyosema juu ya zawadi na nimepata swali. Ukinishikia changu halafu ukanipa chako kidogo, hiyo ni zawadi?

Mama_Chapo_Umoja | 16 Desemba, saa 3:26 usiku

Hiyo ni kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Pole sana dadangu.

Katekista_Kariobangi | 17 Desemba, saa 12:10 asubuhi

Binti yangu, si zawadi. Mshahara ni haki yako, na Yakobo 5:4 anasema ujira wa wafanyakazi uliozuiliwa unapiga kelele na kelele hizo zimemfikia Bwana wa majeshi. Hampa ije baada ya mshahara, haisimami mahali pake.

Nawe umenikumbusha Boxing Day, ambayo watoto wangu wa mafundisho wanadhani ni siku ya ndondi. Ni desturi ya Waingereza: siku ya pili ya Krismasi vijakazi na wafanyakazi walipewa visanduku vyao vya bakhshishi, wengine wakapata na ruhusa ya kwenda makwao, kwa sababu tarehe 25 walikuwa wakihudumia meza za mabwana. Sisi tukairithi pamoja na barabara za reli. Kwa Kanisa siku hiyohiyo ni ya Stefano, na Stefano alikuwa mmoja wa wale saba wa Matendo 6 waliochaguliwa kwa sababu wajane fulani walikuwa wakisahauliwa kwenye mgao wa kila siku. Siku ya pili tu baada ya hori, kalenda inakupeleka kwa waliosahauliwa kwenye mgao. Wengi wetu siku hiyo tumelala, tumbo limejaa pilau.

Nguo_za_Watoto_Eastleigh | 17 Desemba, saa 5:30 asubuhi

Assalamu aleikum wapendwa. Mimi Muislamu na uzi huu si wangu, ila Desemba yenu ndiyo inayolipa kodi ya duka langu kwa hivyo mnivumilie. Kila mwaka tarehe 20 kwenda mbele naona kina mama wakihesabu noti mara tatu mbele ya gauni la msichana, wanarudisha, wanaenda, wanarudi tena. Wengine huwaambia chukua, utaleta Januari. Wengi huleta.

Kwetu kuna zakatul-fitri. Kabla ya swala ya Idi, kila mwenye chakula cha ziada anamtolea kila mtu wa nyumba yake kiasi cha kilo mbili na nusu au tatu za chakula kwa maskini. Kabla, si baada. Ili asubuhi ya sikukuu asiwepo mtu wa kuomba. Huwa najiuliza tu, kwenu hiyo zamu inakuwa lini?

Teolojia_Limuru | 17 Desemba, saa 7:05 mchana

Umetuuliza vizuri kuliko sisi tunavyojiuliza. Majuma manne kabla ya Krismasi tunayaita Majilio, na yalikuwa ya kufunga na kutoa sadaka. Waorthodoksi bado hufunga siku 40 hivi kabla ya sikukuu. Kwetu sisi wengine majuma hayo yamekuwa ya ofa.

Mwalimu_Kimilili | 17 Desemba, saa 1:48 usiku

Nimeona Kimilili nikasimama. Kinyozi, mulembe. Mimi niko huku nyumbani, na hawa wa Nairobi wanakupa moyo lakini hawakwambii kitu kimoja. Tunangoja. Usidanganywe. Kuanzia tarehe 22 kila gari likisimama barabarani watoto wanakimbia kuona ni nani na amebeba nini. Mtu akishuka na begi dogo hakuna atakayemwambia neno, lakini watu wameona, na jioni kwenye pombe ya busaa anatajwa.

Lakini pia tunajua. Mnafikiri hatujui. Gesi ikiisha mtungi unajazwa kwa pesa, na pesa hiyo hukumwachia mama. Kile kitambaa cha maua si ujinga. Amekistiri kitu chako kisikuaibishe. Mwaka juzi kijana wa jirani alileta televisheni, Februari akaja kuichukua usiku aiuze. Afadhali asingeileta.

Leta sukari kilo mbili na mkate. Usije na hadithi ndefu. Na mwambie mama yako ukweli kabla hujafika, asiusikie kwa mtu.

Kinyozi_Donholm | 20 Desemba, saa 4:40 usiku

Mulembe mwalimu. Nimefanya ulivyosema, na sasa nina tatizo jipya.

Nilipiga simu Alhamisi. Nikamwambia yote: mikopo, kufuli, mwezi wa nane. Akanyamaza hadi nikadhani simu imekatika. Akauliza, "Kwa hivyo ile gesi ni deni?" Nikasema ndiyo mayi. "Limeisha?" Limeisha. Akacheka. Mama yangu hachekagi kwa simu, anaogopa kumaliza salio la mtu. Akasema basi sasa ni ya kwetu, nitaipikia.

Jana asubuhi simu ikalia ujumbe. M-Pesa. Shilingi 2,000 kutoka kwake. Nikapiga, akasema tu, "Hiyo ni ya gari. Kuja."

Wadau, mama ana miaka 64 na magoti mabaya. Mimi ndiye kifungua mimba, miaka 11 mimi ndiye hutuma. Tangu jana nimekaa na hizo pesa kama nimeziiba. Kutoa najua, hata kwa deni nilijua. Hili la kupewa sijui nalishika wapi. Nataka kuzirudisha.

Mhasibu_Tao | 20 Desemba, saa 4:52 usiku

Rudisha. Mtu mzima huwezi kusafirishwa na mama.

Mama_Chapo_Umoja | 20 Desemba, saa 4:53 usiku

Usithubutu!!! Mhasibu nenda ukanywe chai kwenye kifuniko. Kinyozi mimi ni mama. Nina kijana Dubai, miaka minne, anatuma, anatuma, anatuma. Siku moja nilimtumia sweta niliyofuma akaniambia mama usijisumbue, huku kuna joto. Nililia. Sikuwa nampa sweta.

Teolojia_Limuru | 20 Desemba, saa 5:20 usiku

Yohana 13. Petro alikataa kuoshwa miguu, na alikataa kwa heshima kabisa: wewe hutaniosha miguu kamwe. Akaambiwa nisipokutawadha huna shirika nami. Nimehudhuria mihadhara mingi juu ya Neno kufanyika mwili, lakini sijui kama tumewahi kukaa juu ya hili, kwamba Mungu alikuja akiwa mtu wa kubebwa, kunyonyeshwa, kubadilishwa nepi. Kabla hajampa mtu chochote alipewa maziwa.

Mlinzi_wa_Neno | 21 Desemba, saa 12:02 asubuhi

Mimi Krismasi sisherehekei na msimamo wangu haujabadilika. Lakini pesa ya mama hairudishwi. Panda gari.

Kinyozi_Donholm | 27 Desemba, saa 2:15 usiku

Nimerudi kwenye mtandao, niko Kimilili bado. Niwape habari.

Nilinyoa hadi saa kumi jioni tarehe 24, kichwa cha mwisho kilikuwa cha mtoto aliyelia kama anachinjwa. Stendi ya Machakos Country Bus kule Nairobi palikuwa kama siku ya kiyama. Nauli nimelipa 2,500, siku za kawaida ni 1,200. Ile bahasha ya Mamajusi, Mungu anisamehe, niliandikia nyuma yake orodha: sukari 2, mkate 2, majani. Nikaweka shilingi 100 ndani yake, nikaitoa kwenye kapu la kanisa la kijijini ikiwa na maandishi yangu hivyohivyo. Shemasi akasoma "majani" akaniangalia.

Foleni ilitushika Gilgil hadi Nakuru, watu wakashuka wakanunua mahindi choma. Tulifika asubuhi watu wakienda ibadani, nikaingia nyuma na begi mgongoni. Wakasoma Luka 2. Walipofika "nyumba ya wageni" nikacheka peke yangu, mama mmoja akanigeukia.

Shangazi wa Kitale kweli alikuwepo. Watoto walikuwa saba, si sita. Nimelala jikoni, Limuru wewe ni nabii, ila mbuzi hakuna, kuna baiskeli ya mzee. Gesi ilikuwa inawaka. Kitambaa cha maua sasa kiko kwenye redio.

Kuna jambo moja. Mama ana jogoo mwekundu, mkali, anafukuza hata mbwa. Kila mwaka tunaapa tutamla Krismasi, na kila mwaka anaponea kwa sababu mama husema ndiye saa yake ya kuamkia. Mwaka huu tumekula maharagwe, chapati, na kitoweo cha kuku kutoka kwa jirani, kidogo kidogo kila mtu. Mluhya, mtu wa kuku, Krismasi na maharagwe, chekeni tu. Sikufikiria chochote. Tarehe 26 niliamka mwenyewe, jua limeshatoka. Kimya. Nikaenda nyuma ya nyumba nikakuta matetea matatu yanachakura.

Jogoo mkubwa wa kienyeji huku Desemba ni 2,000.

Mama_Chapo_Umoja | 27 Desemba, saa 2:19 usiku

Ulimwuliza?

Kinyozi_Donholm | 27 Desemba, saa 2:34 usiku

Hapana. Nilirudi nikakaa mlangoni. Akanimiminia chai, akatia sukari vijiko vinne vya ile niliyoleta. Mimi hunywa na kimoja. Nilimaliza kikombe, akaniongeza.